Mume wa Kwenye Kadi

Ursula hakuwa mwanamke wa kulialia. Ule mwaka wa elinino ziwa lilipopanda, likabeba nyumba yake pale Murangi, banda la dagaa na mbuzi aliyesahaulika kambani, alimshika Esta mkono, wakabeba watoto watatu, wakaenda kulala darasani pamoja na wengine waliofukuzwa na maji.

Esta alikuwa mke wake. Mtu wa Mara hahitaji kuelezwa, ila wa mbali aelewe: Ursula alifiwa na mume bila kujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe wake mwenyewe, wa jasho la dagaa, akamwoa Esta kutoka Butiama ili nyumba isife. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo. Watoto ni wa Ursula. Boniphace aliyewazaa alichaguliwa kwa sababu alikuwa na meno mazuri na hana maneno. Alikuwa anakujaga, anakula, anaondoka.

Likaja shirika la misaada. Kila kaya itapewa kiwanja mlimani, mabati, misumari na wavu wa dagaa. Matofali mfyatue wenyewe. Mwandikishaji wao, Bwana Felisian, alikaa mezani na miwani puani.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi."

"Mume yuko wapi?"

"Mume ndiye mimi. Huyu hapa mke wangu."

Felisian akaitazama fomu kama vile ingemsaidia. "Mama, humu kuna mume na mke, au mjane. Wajane ni awamu ya pili, na sijui itakuja lini. Huyu binti mwenye watoto ameolewa na nani?"

"Andika ng'ombe!" mtu alipiga kelele kwenye foleni, watu wakaangua kicheko.

Hapo ndipo Ursula alipokosea, kosa la mtu anayeamini mila kuliko wino. "Andika Boniphace," alisema. "Karatasi ni mambo ya ofisi. Ng'ombe nilitoa mimi, na kijiji kizima kinajua."

Boniphace akaitwa kutoka kwenye bao, akabandika dole gumba, akapewa kadi ya kaya, akarudi kucheza.

Miezi minne Ursula alikanyaga udongo, akafyatua, akachoma tanuri. Miguu ilipasuka mpaka akaona aibu kuvaa ndala kanisani. Boniphace alipitaga kusalimia, anasifia matofali.

Siku ya kuhamia alikuja na godoro kichwani.

"Unahamia wapi na hilo?" Ursula aliuliza.

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

Akachomoa kadi mfukoni, imefungwa vizuri kwenye nailoni. "Kwangu."

Ursula akamburuta mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Stanislausi, Esta akifuata nyuma. Mzee aliisoma kadi mara mbili, akajikuna shingo.

"Dada yangu, nyama ya harusi yako nilikula mwenyewe. Lakini kiwanja kimegawiwa kwa kadi, na muhuri nimepiga mimi. Labda mke aseme. Akimkataa huyu, nitaandika barua kwa shirika."

Basi! Ursula akapumua. Akamgeukia Esta. "Haya, mke wangu. Mwambie mzee."

Esta alikuwa anasokota ncha ya kanga. "Watoto wanachekwa shuleni, mama. Wanaulizwa baba yao nani. Sasa baba yupo, ameandikwa. Wewe chumba cha nyuma ni chako, hatukufukuzi."

Maneno yalitoka yamenyooka, hayana kigugumizi. Ursula akajua hayakupikwa leo.

"Mlipanga lini, Esta?"

"Tulipokuwa darasani."

Yaani kabla ya tofali la kwanza. Alipokuwa anakanyaga udongo, huyu anamletea maji ya kunywa, anamwita mama, na anajua.

Chumba cha nyuma hakukitaka. Alipotaka kuchukua wavu, Boniphace akamwambia kwa upole kwamba hata wavu uko kwenye kadi. Akaondoka na sufuria moja, akapanga kwa mjane mwenzake huko Kabasa, Bunda, akaanza kuuza dagaa kwa kopo. Ukimuuliza kama ana watoto, atakutajia majina yote matatu. Ukimuuliza habari za mke, anapima dagaa.