Uji Usio na Moshi

Mvua ikianza kupiga bati langu hapa Garsen, mimi sitoki. Kusema kweli hata jua likiwaka sitoki, lakini mvua hunipa sababu ya heshima. Natoa kijiti chenye kaa motoni, nakitia ndani ya kibuyu, nakizungusha taratibu mpaka moshi utoke mdomoni kwa uvivu, mtamu na mzito. Jirani yangu siku hizi ameacha kuuliza kama nyumba inaungua. Harufu hiyo ikinifika puani, narudi kuwa mtoto wa darasa la tano, nimelowa, nimekasirika, napigana na bibi yangu kwa sababu ya bakuli la uji.

Tuliishi kijiji cha Wema, kando ya mto, na binamu zangu waliniita Figa, kwa sababu mafiga, yale mawe ya kutelekea chungu, hayatoki jikoni. Wao walikwenda kuogelea na kufukuza ndege kwenye mpunga. Mimi nilikaa na Bibi, mama yake mama, nikimtazama akipika uji wa mchele. Ujaribu nyumbani, si mgumu. Chukua chenga za mchele mpya, zile zinazovunjika kinuni, uziloweke mpaka ukizibana kwa kucha zikubali. Chemsha kwa maji mengi na chumvi kidogo, ukoroge bila kwenda kupiga soga kwa jirani, hadi punje zifunguke na uji uanze kutokota kwa sauti nzito. Epua kwanza, ndipo utie maziwa, la sivyo yatakatika na utaanza kutafuta mtu wa kumlaumu. Sukari ni hiari yako. Bibi alisema sukari ni ya watu wasiojua kupika.

Maziwa yetu aliyaleta Habiba, mama mfugaji wa Kiorma, wa rika lake Bibi. Alikuja kila asubuhi na vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi ili maziwa yakae, akarudi kwao na mchele au ndizi zetu. Kabla ya kubadilishana walikaa mkekani wakitaniana. Habiba alisema sisi tunakula majani kama mbuzi. Bibi alisema wao wanamfuata ng'ombe nyuma kama mkia.

Kisha mto ukajaa. Ulichukua mpunga, kuku, na jiko langu lote. Tukahamia mwinukoni kando ya barabara, chini ya maturubai. Wafugaji nao walikuwa wameondoa ng'ombe bondeni, na hakuna aliyejua wameelekea wapi wala nani amevuka salama.

Huko mwinukoni Bibi akaacha kula. Mama alimpikia uji wa unga wa msaada, akauonja na kuurudisha. "Hauna moshi." Mama akatafuta maziwa ya pakiti. "Hayana moshi." Wajomba wakasema anadeka. Lakini mimi nililala naye kwenye mkeka mmoja, na nilihisi mifupa ya mkono wake ikizidi kunichoma ubavuni kila usiku. Nikaamua Bibi atakula, apende asipende.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kisomi. Kama shida ni moshi, basi moshi upo. Nikadondosha kaa la moto ndani ya sufuria ya uji. Bibi alilitazama likielea, akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo alivyoniita kwa utani, "mimi nimeomba uji. Wewe umeniletea jiko."

Asubuhi yake nikamng'ang'ania Mjomba Komora, aliyekuwa anakwenda kutafuta mafuta ya taa, twende tumtafute Habiba.

"Figa litatembea?" akacheka. "Ngoja niite watu waje waone."

Nikafunga kwenye kanga chenga kidogo kati ya zile tulizookoa, nikatangulia. Mjomba alimuuliza kila mchungaji tuliyekutana naye. Nililia njiani, nisikufiche, lakini nililia nikitembea. Jua lilikuwa limeshapanda sana tulipoziona nyumba zao za matete, na Habiba akiwa mlangoni, amekonda, kibuyu miguuni.

Hakunisalimia kwanza. "Bibi yako iko?"

"Yupo. Hataki kula."

"Ng'ombe yangu maji ilibeba mingi," akasema. "Moja tu natoa maziwa." Kisha akachukua kijiti motoni, akaanza kufukiza kibuyu polepole, huku mjomba akihangaika kwamba tutachelewa. Hakuharakisha hata kidogo. Akakamua, akajaza mpaka nusu, akapokea kanga yangu ya mchele kama kwamba ni siku yoyote ile. "Sema Habiba iko," akaniambia.

Nilirudi nimekikumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Nikapika kwa sheria zote, nikaepua, nikatia maziwa, nikampelekea Bibi. Akanusa. Kijiko hakijagusa mdomo akauliza, "Nani amekupa?"

"Habiba. Anasema yupo."

"Yeye mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Mwenyewe."

Bibi akainamia bakuli kwa muda mrefu, halafu akala. Akala nusu, nusu nyingine akanisukumia mimi. Nilivimba kichwa. Niliwaeleza binamu zangu kwamba siri yote ni kuepua kabla ya kutia maziwa.

Kilichoniudhi ni siku iliyofuata. Mama alimpikia ule ule unga wa msaada, hauna maziwa wala moshi, na Bibi akaunywa wote na kuulizia mwingine. Nilimnunia mpaka jioni. Safari yote ile, machozi yote yale, kumbe uji wa kawaida anaweza! Nilishakuwa mama wa watoto watatu ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakuwa na shida na uji. Alitaka mtu akatazame kama rafiki yake amevuka, na kwa watu waliokuwa wamepoteza kila kitu hakujua namna ya kuomba hilo ila kwa kukataa bakuli.

Siku hizi maziwa ananiletea mjukuu wake Habiba. Akichelewa, mimi husema chai haina ladha. Wanangu hunikimbilia na pakiti kutoka dukani, naionja, naisukuma kando. Wananicheka kwamba mama anadeka. Nawaacha wacheke. Mimi, figa, huwa nimeshaanza kutafuta viatu.