Vyoo Kabla ya Meza

Mama mmoja alipopata kiwanja kando ya barabara kuu ili afungue hoteli ya chakula, hakuanza na jiko. Alianza na vyoo: vya wanawake huku, vya wanaume kule, kila mlango na komeo lake, maji kwenye pipa, na sabuni iliyofungwa kamba isije ikasafiri na abiria. Meza zilifuata baadaye, tena za kuazima.

"Wifi, watu wanakuja kula au kutoa walichokula?" dada wa mumewe alimtania, akicheka hadi machozi.

"Yote mawili, wifi yangu. Kinachoingia lazima kitoke."

Madereva wakambandika jina: Mama Choo. Hilo halikumsumbua. Kilichomuuma ni kuona mabasi yanampita. Kila dereva alikuwa na hoteli yake, ambako alilishwa minofu bure kwa kuwa ameleta watu, nao watu wenyewe wakatafuna wali wa jana. Dereva mmoja, mwenye kitambi cha kutangulia mlangoni, alimfuata waziwazi.

"Mama Choo, nitunze nikutunze. Basi langu litasimama hapa kila siku."

"Karibu sana, baba. Utakula, utalipa."

"Basi baki na vyoo vyako!"

Wapo watakaosema sahani moja si kitu. Rushwa hata ikimwagiwa mchuzi ni rushwa, na mnofu wa dereva hukatwa kwenye sahani ya abiria. Mama alilijua hilo, akakataa, akalala na njaa ya msimamo wake. Akiba ilikwisha. Akajiapiza: mwezi huu ukiisha bila basi, nafunga. Asubuhi akaamka, akasugua sakafu kama kawaida.

Mchana mmoja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, basi la yule dereva likasimama karibu na hapo, kwenye kichaka.

"Kuchimba dawa!" kondakta akapaza sauti. "Wanaume kushoto, wanawake kulia, haraka!"

Kila msafiri anajua kwamba dawa hiyo haichimbwi kwa jembe. Bibi mmoja alishuka, akayatazama majani yanayochuruzika maji, akageuka.

"Wewe mjukuu wangu, umri huu nichuchumae malori yakinipigia honi? Vile vyoo pale ni vya nani?"

"Bibi, pale huwa hatusimami."

"Nani kakuambia usimame? Mimi natembea."

Akakusanya nguo, akaenda. Mama mwenye mtoto mgongoni akamfuata, kisha wanawake wote, kisha wanaume, wengine wakifunga mikanda njiani. Dereva akapiga honi hadi akachoka. Hakurudi mtu.

Bibi akatoka chooni akinusa viganja vyake.

"Jamani! Mwenye choo hivi, sufuria zake zikoje? Mwanangu, una chakula?"

"Kipo, mama. Karibuni."

Masufuria yakakombwa hadi ukoko. Dereva mwenyewe, tumbo likimnguruma, akaja kupanga foleni nyuma ya kondakta wake. Zamu yake ilipofika, akapakuliwa kwa upawa uleule, akalipa, akala.

Siku hizi, kwenye madirisha ya tiketi, abiria huuliza kwanza kama basi husimama kwa mama yule. Wakiambiwa halisimami, hubeba mizigo yao na kuhamia dirisha la pili.