Saluni Inayoitwa Zahanati

Ukishuka Ujiji leo ukamwambia bodaboda akupeleke Zahanati, atakushusha mbele ya saluni ya kike, na humo hata kidonge cha kichwa hutapata. Utasukwa, utaoshwa nywele, utapewa umbea wa mtaa mzima. Mgeni akilalamika, wenyeji wanamshangaa: kwani alitaka nini? Zahanati ndiyo hiyo. Ile yenye dawa inaitwa Kituo Kipya, ingawa mabati yake yalishashika kutu.

Wa kulaumiwa ni mama yangu.

Mama aliletwa Ujiji na serikali akiwa nesi kijana, kutoka Singida. Alishuka kwenye treni na sanduku la bati kichwani na mimi mgongoni, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba hatakaa. Joto la ziwa lilimkera, mawese kwenye kila mboga yalimkera, na zaidi ya yote zilimkera salamu za huku, ambazo zinaulizia mpaka mbuzi wakati mgonjwa anasubiri. Kila mwisho wa mwaka alisema, "Mwaka kesho narudi kwetu." Sanduku hakulimaliza kulifungua. Nimekua nikiona nguo zake nzuri zikitoka humo Krismasi na kurudi humo baada ya Krismasi.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, yenye baraza mbele, na kwenye baraza benchi la saruji la wagonjwa. Ndani kulikuwa na chumba cha sindano, chumba cha kufungia vidonda, na ukutani kidirisha cha kutolea dawa, kidogo kiasi cha kupitisha mkono na chupa. Asubuhi Mama alisimama mlangoni na gauni lake jeupe, akawatazama waliokaa kwenye benchi, akaamua nani aingie kwanza. Foleni hakuijali. "Wewe unaongea sana, huumwi. Wewe uliyenyamaza, njoo." Watu walimwogopa, na mtoto wao akipata homa walimkimbilia huyohuyo.

Kisha kikajengwa kituo kikubwa zaidi upande wa juu wa barabara, Mama akahamishiwa huko, na zahanati ikafungwa. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, mitumbwi inashusha watu pwani yote ya ziwa, na sokoni Kirundi kinasikika kuliko Kiha. Siku chache baada ya kufunga, Mama alikwenda na ufunguo kuchukua mapazia yake, kwa sababu aliyashona mwenyewe na hakukubali yaliwe na panya wa serikali.

Akamkuta mwanamke amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, mtoto mchanga yuko kifuani. Benchi lilikuwa tupu, lakini yeye alikaa mlangoni.

"Amahoro, mama," yule mwanamke akasema. "Hapa ndipo ivuriro?"

Hivyo ndivyo Warundi wanavyoita zahanati. Mama alikijua Kirundi cha kazini, cha kuuliza maumivu yako wapi.

"Ndipo hapa."

"Nesi yuko wapi?"

"Nesi ni mimi. Ila tumefunga."

Miaka mingi baadaye Mama aliniambia kwamba katika kazi yake yote hajawahi kusema neno lililomuuma kama hilo, akiwa na ufunguo mkononi, mtu amekuja kwa miguu mpaka miguu imevimba.

Mwanamke akaeleza. Walipokuwa bado njiani, kabla ya kufika Kagunga, pale mpakani kando ya ziwa, mumewe alimwambia: tukipotezana, nenda Ujiji. Uliza ivuriro. Utamkuta nesi mlangoni. Kaa hapo mpaka nije. Mume alipajua kwa sababu utotoni alikuja Ujiji na mjomba wake kuuza samaki, ndoano ikamwingia kidoleni, wakamleta hapa. Nesi wa wakati huo alimtibu na kumpa kipande cha muwa ili asilie. Kidole kilipona lakini hakikukunjika tena. Mahali pengine popote ng'ambo hii ya mpaka hapajui. Kagunga palikuwa na msongamano mkubwa, akampandisha mkewe na mtoto kwenye mtumbwi, na kabla hajapanda yeye, mtumbwi ukaondoka. Mke alimwona amesimama ndani ya maji mpaka kifuani. Mtumbwi ukamshusha mbali, akamalizia kwa miguu.

Mama alifungua mlango. Alikwenda kuchukua mapazia akarudi nyumbani bila mapazia, akaanza kukusanya sufuria.

Zahanati ikawa mahali pa kulala watu. Yule mwanamke hakuwa peke yake kwa muda mrefu, walikuja wengine, wakajaa mpaka chumba cha sindano. Uji ulipikwa nyuma na kugawiwa kwenye kile kidirisha cha dawa, na Mama akawa anapitia pale kila jioni akitoka kazini, anafokea watu kuhusu maji ya kuchemsha. Mimi nilitumwa na sabuni na migebuka, samaki wa ziwani. Naukumbuka mkono wa yule mwanamke ukipokea kikombe kidirishani, na jinsi alivyokuwa akinywa huku akiangalia barabarani.

Halafu yakaja malori ya kuwapeleka kambini, upande wa Kasulu. Ilikuwa lazima, mjini hawakuruhusiwa kukaa. Wenzake wote walipanda. Yeye akashika nguzo ya baraza.

"Akija asinikute, atajua nimekufa," akasema. "Ataondoka. Sitamwona tena."

Dereva anapiga honi, mtoto analia, mtaa mzima umetoka kutazama. Nilimwona Mama akimtoa yule mwanamke vidole kwenye nguzo, kimoja kimoja, kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuujua.

"Panda gari," akamwambia. "Nitakaa mimi. Akija atamkuta nesi mlangoni."

Lilikuwa neno la kumpandisha mtu kwenye gari. Nesi husema maneno kama hayo kila siku: haitauma, kesho utaamka mzima. Lakini yule mwanamke alilichukua lilivyo. Alimtazama Mama usoni, akatikisa kichwa kukubali, akapanda. Na Mama akabaki na neno lake.

Nyumba ilipokodishwa kwa mtu wa mashine ya kusaga, Mama alimfuata kabla hajafunga hata mkanda wa mashine. "Saga unachotaka," akamwambia, "ila jina lisibadilike." Yule bwana alidhani ni amri ya serikali. Akaandika ukutani MASHINE YA ZAHANATI, na kidirisha cha dawa kikawa cha kupokelea pesa za kusaga. Baada yake wakaja vijana na televisheni, wakaweka mabenchi ya mbao, wakaonyesha filamu za ngumi. VIDEO YA ZAHANATI. Tiketi kidirishani. Siku moja mzee mwenye homa alibebwa kwa baiskeli kutoka Kidahwe mpaka pale, ndugu zake wakamlaza mbele kabisa katikati ya makelele, wakaanza kumwuliza kijana wa tiketi daktari anaingia saa ngapi. Mama aliitwa mbio, akawapeleka Kituo Kipya huku akiwasema njia nzima, kana kwamba jina lile aliling'ang'ania mtu mwingine.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi Buzebazeba. Mama alikwenda kambini kila alipopata usafiri, akampelekea yule mwanamke nguo za mtoto, na kila mara aliulizwa swali moja tu kwa macho, naye akajibu kwa kutikisa kichwa: bado. Majina yao yalikuwa yameandikishwa kwa watu wa shirika linalotafuta ndugu waliopotezana. Hakuna habari iliyorudi. Mtoto akaota meno, akatembea, akaanza darasa la kwanza.

Mama akastaafu. Ndugu wa Singida wakatuma salamu: nyumba ipo, shamba lipo, njoo. Sanduku lilikuwa tayari limefungwa tangu nikiwa mchanga, angelibeba tu. Akasema, "Mwaka kesho."

"Mama," nikamwambia, "huyo mtu alishakufa."

"Basi aje aniambie mwenyewe."

Wakati huo video ilikuwa imeondoka na saluni imeingia. SALUNI YA ZAHANATI, kwa rangi ya waridi. Haukupita muda, mama mmoja mjamzito kutoka vijijini akaja na uchungu wake, akasoma neno moja tu kati ya yale, akaingia. Alijifungulia kwenye kiti cha kuoshea nywele. Maji ya moto yalikuwepo, taulo zilikuwepo, na Mama hakuwa mbali, kwa hiyo mtoto alitoka salama na wasusi wote wakalia. Ila bwana afya akapata habari. Alikuja na uso mkavu, akasema jina lile litaua mtu, lifutwe kabla jua halijazama. Alikuwa na haki, na Mama alijua ana haki, ndiyo maana alikasirika zaidi. Alisimama kwenye baraza akaangalia herufi za ZAHANATI zikipakwa chokaa. Nilimwona amezeeka ghafla.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akatoa kwenye sanduku lile gauni jeupe la kazini. Vifungo vilikubali kwa shida. Mkanda ulikataa kabisa. Akatoka hivyohivyo bila mkanda, na ungo wa maharage mkononi, akaenda kukaa kwenye benchi la saruji, karibu na mlango wa saluni.

Nilimfuata, nikaona haya mpaka masikioni, wanafunzi wangu wanapita.

"Mama, unatuaibisha. Umestaafu. Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme." Akapuliza makapi. "Ukuta wamenifutia. Mimi hawanifuti."

Nilimfanyia jambo moja tu la maana, nilipeleka gauni kwa fundi akaongeza kitambaa ubavuni. Na akakaa. Asubuhi alikaa, mchana nilimpelekea chakula, jioni alirudi. Wateja wa saluni wakaanza kumwonyesha watoto wenye upele. Akawatazama, akawafokea, akawaelekeza Kituo Kipya. Mwishowe wasusi wakawa hawawezi kufungua kazi kabla hajafika. Nami nikiri kwamba nilimpenda sana Mama katika miaka hiyo, kuliko nilipokuwa mtoto, ingawa hakuna siku nilipita pale bila kumwambia arudi nyumbani.

Aliyengojwa alikuja mchana wa jua kali. Nilikuwa nimekaa na Mama, anakula ugali na dagaa, analalamika mawese yamezidi. Mwanamume mwembamba alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi bandarini Kibirizi kutoka upande wa Kongo na kuja Ujiji kwa miguu, akiulizia zahanati, na kila aliyemuuliza alimnyooshea kidole hapa. Aliangalia neno SALUNI lililobaki kwa rangi ya waridi. Aliangalia mapicha ya misuko. Akaangalia benchi, akamwona mwanamke aliyevaa gauni jeupe, akavuka.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Yeye, aliyenichapa kwa kutoitikia salamu. Alikuwa anatazama mkono ulioshika kofia. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka chenyewe, vingine vimekunjika.

"Nilimwambia mke wangu..." akaanza.

"Umechelewa," Mama akasema. Sauti ilikuwa kali vilevile. "Umechelewa mno. Kaa. Wako wazima wote wawili. Kaa ule kwanza."

Hakula. Alikaa kwenye lile benchi, akaficha uso kwenye kofia, mabega yanatikisika. Alikuwa amerudishwa nyuma na msongamano, akavukia Kongo, huko nako vita vikamkuta, akahama na kuhama. Kila mara alijiambia, wako Ujiji, yuko nesi. Wasusi walitoka na michanuo mikononi wakasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza mle ndani hapakuwa na umbea.

Asubuhi iliyofuata tulipanda gari, sisi watatu. Tulipita Kidahwe, tukapanda vilima. Mama alikuwa na gauni lake jeupe. Alisema nguo nyingine zote hazijakauka, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa sababu ninayezifua ni mimi.

Kwenye geti la kambi maswali yalikuwa mengi, na Mama aliyajibu yote kabla hajaulizwa yule mwanamume. Kisha tukapita kati ya nyumba za udongo mpaka mahali alipokuwa anakaa yule mwanamke. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Kijana mrefu alikuwa karibu naye, anazikunja, na alikuwa na paji la uso la baba yake.

Mwanamke aligeuka. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliweka nguo chini, polepole, akasogea mpaka mbele ya mumewe, akaushika ule mkono wenye kidole kisichokunjika.

"Ulikwenda?" akamuuliza.

"Nilikwenda."

"Ukamkuta?"

"Nilimkuta mlangoni," mwanamume akasema, "kama nilivyokuambia."

Ndipo mwanamke akaanza kulia. Na bado akiwa ameshikilia mkono wa mumewe, akatutazama sisi tuliobaki nyuma, akamwona Mama na gauni lake lenye kitambaa kilichoongezwa ubavuni.

"Mama," akasema, "ulikaa."

"Nilikaa," Mama akajibu, na akaanza kutafuta leso kwenye mfuko ambao gauni lile halikuwahi kuwa nao.