Kunde Nyeusi za Sikukuu ya Oktoba

Juzi nilipita mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na pale ploti yetu ya zamani, ile ya vyumba vya kupanga, ilipokuwa nikakuta gorofa tano na geti kubwa. Sikulia, usijali. Nilisimama tu nikakumbuka siku niliyopika mbegu za nyanya, bibi yangu.

Wacha nikueleze vizuri. Kila Oktoba nyanya alikuja kutoka Kitui siku chache kabla ya sikukuu ya taifa ya tarehe ishirini, kabla mvua ya vuli haijashika. Ploti ilijaa akina mama wa Kitui na Machakos, na siku hiyo wengine wakienda kutembea, wao walikaa uani wakibadilishana mbegu za kupanda nyumbani, kiganja kimoja kwa kila mwenzako. Kupanda zako pekee ilikuwa mwiko. Nyanya alisema zamani njaa iliingia, watu wakala mpaka mbegu, isipokuwa mjane mmoja aliyelalia zake kama mto usiku na mchana. Mvua iliponyesha, wote walijua atapanda peke yake awauzie. Yeye akapita nyumba kwa nyumba akigawa, mpaka akabaki na kiganja kimoja kama wengine. Mwaka uliofuata wadudu walimaliza shamba lake, na wale wale aliowagawia wakamrudishia mbegu. Sisi watoto tulisikia hiyo hadithi hadi tukaichoka.

Mbegu za nyanya zilikuwa kunde ndogo nyeusi, alizopewa na mama yake akiolewa. Alizipaka jivu zisitobolewe na wadudu. Nilikuwa na miaka tisa, mama yuko kazini, nyanya yuko kanisani, na mimi nilitaka kusifiwa. Nikaona kunde chafu kwenye kitambaa, nikaziosha jivu lote likatoka, nikazibandika na mahindi. Harufu ilikuwa tamu kweli. Nilikuwa nakata kitunguu nyanya alipoingia.

Hakunichapa, na hapo ndipo nilijua nimeharibu. Alitafuna moja, akakaa kwenye stuli. "Hizi ndizo zilikuwa zimebaki," akasema. Jioni tulizila zote, maana chakula hakitupwi.

Kesho yake, siku ya sikukuu, aliwaambia wenzake mwenyewe kwamba mbegu zimepikwa, bila kunitaja. Akauliza nani bado ana zile alizowapa mwaka uliopita. Mmoja zake zilichomwa na jua. Mwingine alikiri amezila. Wengine nao hawakuwa nazo. Niliona aibu, kwa sababu kitu cha mama yake nyanya kilikuwa kimeishia kwenye sufuria yangu.

Mwenye ploti, mama Mkikuyu mzaliwa wa hapo hapo Kawangware, alikuwa pembeni akifua. Mwaka uliotangulia nyanya alimpa kiganja kwa adabu tu, akamwambia zirudi mwaka ujao, halafu akamsengenya ndani kwamba huyo atazitia kwa githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Basi yule mama akapangusa mikono, akaingia kwake, akatoka na mkebe wa majarini uliojaa kunde nyeusi. Alikuwa amezipanda kando ya ua, nyuma ya vyoo, akavuna na kuweka.

"Shosho, si ulisema zirudi?" akamuuliza, maana kwao nyanya ni shosho.

Nyanya alipokea kwa mikono miwili, akalia mbele za watu. Kisha akamchotea mwenye ploti kiganja chake.

Siku hizi mwenye ploti ni marehemu, akina mama wametawanyika, na sikukuu ya Oktoba watu wanalala. Mimi naishi Soweto East, Kibera, orofa ya tatu. Nyanya alifika huko mara moja, uzeeni, akanifungulia kitambaa: kiganja kimoja cha kunde. Nikacheka. Nikamwambia, "Nyanya, nitapanda wapi, kwa dirisha? Rudi nazo tu." Hakubishana, alizifunga tena.

Baada ya mazishi yake niliziulizia kule Kitui. Shangazi akasema nyanya alizipika mwenyewe msimu ule aliotoka kwangu, akazila zote, kwa sababu hakubaki mtu wa kubadilishana naye.