Kuulizana Kijicho kwa Kitaliano

Mkahawa wetu wa Deira ulikuwa wa Kitaliano, na mpishi mkuu, Mtaliano mwenye kicheko cha kutikisa sahani, alitufundisha lugha yake kila wateja wa mchana walipoondoka.

Wiki ile nilitolewa jikoni nikapewa sare nyeusi ya kupokea wageni mlangoni. Mwenzangu wa chumba kule Al Muraqqabat, dada wa Mombasa niliyeosha naye vyombo tangu tufike Dubai, alikuwa ameiomba nafasi hiyohiyo. Mimi mtu wa Tanga, nimelelewa kwamba kheri haitangazwi. Sare nikaisukumia chini ya godoro langu, kitanda cha juu, nikanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Lakini roho iliniuma, kwa kuwa nilimpenda, na bila yeye Dubai ingebaki joto tupu.

Siku hiyo somo likawa la hisia. Umechoka? Una njaa? Mpishi akatupanga wawiliwawili tuulizane, nikaangukia kwa dada huyohuyo. Swali langu lilikuwa, "Sei invidiosa?" Yaani, una kijicho?

Jamani! Kwetu hilo haliulizwi. Ukiliuliza umetangaza vita, na majirani wanavuta viti wakae watazame. Nililitamka nikiangalia chumvi mezani.

"Sì," akajibu bila kupepesa. "Molto. Di te."

Ndiyo. Sana. Nakuonea wewe.

"Brava!" Mpishi akapiga makofi, maskini, akidhani anashangilia matamshi. Tukatazamana na yule dada, kicheko kikatutoka mpaka tukaegemeana.

Njiani nikamwuliza alijuaje habari ya sare.

"Wallahi wewe!" akasema. "Umeificha juu yangu, mkono wake umepenya kwenye mbao, kila nikilala waning'inia usoni mwangu. Nami nangoja uniambie. Kijicho ninacho, sikatai, lakini kilichoniuma ni kufichwa."

Nilimshika mkono tu tukavuka barabara.

Asubuhi nilipoamka, sare ilikuwa kwenye msumari mlangoni, imepigwa pasi hadi kola. Yeye alikuwa amesimama kando, pasi bado mkononi.

"Yalla, vaa nikuone," akasema. "Kijicho bado ninacho. Lakini hutaniaibisha mbele ya wageni kwa makunyanzi."