Namba Saba

Watafiti wenzangu wa saratani hujisifia wingi wa watu wanaosoma makala zao. Wananichosha. Miaka ya hamsini baba yangu alikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, hospitalini Voi, akimwandikia daktari habari za watoto waliokufa kwa uvimbe wa taya. Makala ya daktari huyo ilipochapishwa, watoto walikuwa namba tu, lakini baba alijua kila namba ni mtoto wa nani. Kwetu habari ya marehemu haitumwi kwa barua, hupelekwa kwa miguu. Basi akaibeba makala hiyo nyumba kwa nyumba, mimi bintiye nikimfuata. Kule kijijini Mraru alimwonyesha mama mmoja namba saba: “Huyu ndiye wako, mama.” Yule mama akaweka kidole juu ya namba hiyo, asikiondoe mpaka chai yetu ikapoa.