Katambuga Mlangoni kwa Matilda

Nyie, Matilda karudi darasani! Yupo kidato cha nne, dawati la dirishani, sare imenyooka utadhani kapigiwa pasi akiwa ndani yake, na hakuna wa kumtoa pale mpaka mtihani wa taifa upite. Hilo ndo la kujua kwanza, ili huko mbele mkianza kuona giza msiache kusoma.

Maana giza lilikuwepo.

Matilda ni binti wa Manyanda, Msukuma wa ng'ombe. Zamani walikaa Ilembo, kule pembeni ya mji ambako nyumba zinaisha na mashamba yanaanza. Halafu nyumba zikagoma kuisha. Kila penye malisho pakawa na msingi wa mtu, na ng'ombe akikanyaga msingi wa mtu ni kesi. Manyanda akaona isiwe tabu, akaswaga mifugo kuelekea upande wa Karema, njia ya ziwani, ndani ndani huko, ambako ukitaka mtandao unapanda kichuguu na kunyoosha simu juu. Mama akaenda, wadogo wakaenda, mbwa naye akaenda. Matilda alikuwa kidato cha tatu, akabaki amalize shule.

Akapangiwa chumba mtaa wa Makanyagio, kwa Mama Raya. Huyu Mama Raya jina lake ni Mwanne, ana kaduka mbele barabarani, na nyuma ana vyumba vya kupangisha. Wanafunzi chumba cha hivyo wanakiita geto. Ukisikia geto unaweza kudhani ni bata tu, muziki juu, hakuna wa kukutuma. Geto la Matilda lilikuwa na godoro, ndoo, jiko la mkaa, na kimya.

Siku ya kuondoka, Manyanda alivua katambuga zake, vile viatu vizito vya kukatwa kwenye tairi la gari, akaviweka nje ya mlango. Mwenyewe akavaa pea mpya aliyokuja nayo kwenye mfuko.

"Baba, unasahau viatu."

"Sisahau. Nikitoka zizini naacha nini?"

"Shuka lako."

"Naliacha wapi?"

"Juu ya mti, pale mlangoni."

"Kwa nini?"

"Fisi akisikia harufu yako ajue upo."

"Haya basi," Manyanda akasema. "Nimetoka."

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Na hiyo mbinu ilifanya kazi. Kuna jioni kijana mmoja wa bodaboda alimfuata Matilda toka barabara kubwa, anaendesha taratibu pembeni yake, "Dada panda basi, bure, mbona una roho mbaya," mpaka uani kwa Mama Raya. Akaangalia mlango wa Matilda. Akaziona katambuga, kubwa kama mitumbwi miwili imeegeshwa. Akageuza pikipiki bila kuaga. Matilda aliingia ndani akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka ndo akagundua hana wa kumsimulia.

Toka hapo akaanza utaratibu. Asubuhi kabla ya kwenda shule anaziingiza ndani, watu waone mwanaume katoka. Jioni anazitoa nje, mwanaume karudi. Mvua ikinyesha anazipaka tope kidogo. Na kila akizitoa, anapiga goti moja kama wanavyofanya mabinti kwao, anasema polepole, "Mwadila, baba." Salamu ya Kisukuma haina haraka. Inauliza watu, inauliza ng'ombe, inauliza mvua. Matilda alikuwa anasema upande wake, halafu anasubiri kidogo, muda ule ule ambao baba angejibu, ndo anaendelea. Kisha anawasha mkaa, anasonga ugali wa mtu mmoja, ambao hata ukipunguza vipi haupungui vizuri, unabaki.

Simu alikuwa nayo, kitochi cha vitufe. Kila jioni anapiga namba ya baba, anaambiwa haipatikani. Alishaizoea ile sauti ya yule dada wa mtandao. Kuna siku alimjibu, "Asante dada, usiku mwema."

Sasa mtaani kulikuwa na Cletus. Cletus alisoma naye darasa moja, na nyumba yao ipo jirani, kila akienda kisimani anakatiza uani kwa Mama Raya. Huyu hakuwa na roho mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki.

"Matilda, shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Anavaa namba ngapi huyu jamaa? Hivi si viatu, hili ni lori limepaki."

"Cletus, chota maji uende."

"Namwogopa mimi. Mwambie Cletus anasalimia, asije akanikanyaga."

Mngesema si angemwambia tu kwamba hamna mtu ndani. Angemwambiaje? Akisema hamna mtu, Cletus anajua. Cletus akijua, kisima kizima kinajua. Kisima kikijua, na yule wa bodaboda anajua. Kwa hiyo Matilda alikuwa anajibu, "Kalala, usimwamshe." Utani unaisha, yeye anafunga mlango, anabaki na mtu aliyelala ambaye hayupo.

Mambo ya hivi hayakai mtaani. Yalitembea mpaka shule, na yakafika kwa Mwalimu Agatha wa nidhamu. Siku hiyo Matilda aliitwa ofisini wakati wa mapumziko, madirisha wazi, wanafunzi wamejaa nje kama hawasikilizi.

"Matilda, pale unapokaa kuna mwanaume?"

"Hapana, madam."

"Vile viatu ni vya nani?"

"Vya baba."

"Baba yako anaishi hapo?"

"Haishi, madam. Yuko na ng'ombe."

"Kwa hiyo viatu vinaishi vyenyewe."

"Ndiyo, madam."

Nje kicheko kikalipuka. Mwalimu Agatha akadhani anachezewa. Kwa kweli jibu lilisikika kama dharau, na lilikuwa ukweli mtupu.

"Nenda. Usikanyage hapa bila mzazi wako. Na akija, aje na hivyo viatu nivione."

Unampataje mzazi anayeishi chini ya kichuguu? Matilda alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Akaenda dukani kwa Mama Raya kuomba chaja, akamweleza yaliyotokea. Mama Raya alikuwa anafunga sukari kwenye vimfuko, mikono ikasimama.

"Kwani hakuna mtu mle ndani?"

"Hakuna, Mama Raya. Hajawahi kuwepo."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mimi nikajua umeshapata mtu wako. Nikasema ya watu hayanihusu, mradi hawapigi kelele."

Matilda akamwangalia. Kutoka kaunta ile mpaka mlango wake, mtu akipiga chafya anasikika. "Hata wewe, Mama Raya," akasema, akachukua chaja, akaenda zake.

Mama Raya ndiye aliyekumbuka malori yanayoleta samaki, migebuka, kutoka ziwani upande huo wa Karema. Akamtuma dereva mmoja, "Ukifika ulizia Manyanda wa ng'ombe, mwambie binti yake kasimamishwa shule." Dereva naye akauliza sababu, akaambiwa. Ujumbe wa kupita midomo mnaujua. Ulipomfikia Manyanda kule malishoni ulikuwa umebaki hivi: mwanao kafukuzwa, anaishi na mwanaume.

Siku za kusubiri ndo zilikuwa mbaya. Asubuhi Matilda alikuwa anavaa sare, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anafungua kitabu cha baiolojia. Anawasikia wenzake wanapita barabarani na fagio zao, sauti zinakuja, zinapita, zinakwisha. Katambuga akaziweka ndani, sakafuni, mbele yake. Hakuzisalimia. Alikuwa amezikasirikia kidogo.

Manyanda akafika na basi la asubuhi, fimbo mkononi, hajala. Hakukaa hata chini.

"Twende shule wakanionyeshe huyo mwanaume. Halafu ufunge mizigo. Kuna watu wa Ikola walikuja na maneno ya posa, niliwaambia binti anasoma. Sasa kama husomi, nitawajibu vingine."

"Baba, hakuna mwanaume."

"Twende."

Wakashika njia ya shule. Matilda alibeba katambuga kwenye kiroba, kiroba kinampiga goti kila hatua, na alichokuwa anawaza ni kimoja tu: nikitoka kwenye ile ofisi, nitageukia darasani au stendi?

Ofisini Manyanda alisimama, alikataa kiti. "Mwalimu, nionyeshe mwanaume."

Mwalimu Agatha akafungua kiroba, akaziweka katambuga sakafuni. "Mwanaume mwenyewe hatujamwona. Lakini viatu vyake ni hivi, vinalala mlangoni kwa binti yako."

Manyanda aliviangalia. Halafu akavua vile vipya alivyovaa, akavipanga pembeni ya vile vya zamani. Mwalimu Agatha akainama bila kutaka. Pea zote mbili, cha kushoto kilikuwa kimekatwa pembeni, tundu la duara, kwenye kidole kidogo. Manyanda akanyoosha mguu wake wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda nje kama ufunguo, toka enzi fahali alipomkanyaga. Akauingiza mguu kwenye katambuga ya zamani, kidole kikatokea pale kwenye tundu, kikakaa.

"Mwanaume ni mimi," akasema. "Niliviacha vimlinde. Kwetu fisi anaondoka."

Kule dirishani wanafunzi walikuwa wamejaa tena. Cletus alikuwepo, safari hii breki zikashika.

Mwalimu Agatha akakaa. "Matilda, kwa nini hukusema?"

"Nilisema, madam. Nilisema vya baba."

Mwalimu akaziangalia tena zile katambuga. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nenda darasani." Matilda akageuka, na miguu yake, nyie, ilikwenda yenyewe mpaka kwenye lile dawati la dirishani.

Ila Mwalimu Agatha alitoa sharti: viatu visikae tena mlangoni, vimeshaleta maneno ya kutosha. Mchana Manyanda akavifunga kwa kamba, akavibeba begani. Ng'ombe hawamsubiri mtu, na basi la Karema lilikuwa linapiga honi. Alisimama uani, akauangalia mlango wa binti yake ulivyo mtupu.

"Sasa nikuache na nini?" akauliza. Hakuwa anamuuliza Matilda. Alikuwa anaangalia dukani.

Mama Raya alijifanya anapanga sabuni. Akapanga, akapangua. "Nitakuwa nagonga," akasema mwishowe. "Jioni, nikifunga duka. Nitagonga tu."

Jioni ile Matilda alitoka nje kama kawaida, mikono mitupu. Pale viatu vilipokuwa vinakaa pamebaki alama mbili, udongo mkavu wenye rangi tofauti. Akapiga goti. "Mwadila, baba," akasema, akasubiri muda ule ule. Akaingia ndani, akawasha mkaa.

Akiwa anasonga, mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mimi Mama Raya. Umekula?"

"Ndo nasonga."

"Haya."

Hatua zikaondoka. Ilikuwa ni hivyo tu, hata ndani hakuingia. Matilda akabaki na mwiko mkononi, anasikiliza hatua mpaka zikaisha dukani. Kesho yake, muda kama ule, alikuwa ameshazima redio ya simu ili asizikose.

Kwenye mtaa wenu yupo mwanafunzi aliyepanga chumba, kama sio mmoja basi wengi, na wewe unapita mlangoni kwake unaangalia viatu. Gonga, muulize kama amekula. Na hii mtumie mwenye nyumba yeyote unayemjua, naye atume kwa mwingine.